Walikufa na mayai tumboni: kisa cha samoni wa mto Fraser walioingia mtoni mapema

Tuanzie kwenye maiti. Mwaka 2000 na 2001, kule British Columbia magharibi kabisa mwa Kanada, watu wanaohesabu samoni kwenye vijito vya kuzalia walikuwa wanaokota majike waliokufa, wakipasua tumbo wanakuta mayai yamejaa vilevile, hayajatagwa. Samaki katoka baharini, kapanda mto bila kula chochote, kafika mpaka kwenye kijito alikozaliwa, afu anakufa na mzigo wake wote. Na hao ndo waliofika. Wengine wengi walihesabiwa kule chini mtoni na huku juu hawakuonekana kabisa. Ukijumlisha waliopotelea njiani na waliofia kijitoni, kuna makundi ambayo zaidi ya asilimia 90 hawakuacha kizazi miaka hiyo. Zamani hasara kwa makundi hayohayo ilikuwa chini ya asilimia 20, kitu ambacho watu wa mto wanakikubali, mto ni mto.

Mi nilikutana na hiki kisa kwa sababu ya kambale, nitaeleza mbele kidogo. Ila nikakipenda kwa sababu ukikifuata mpaka mwisho kinakuonyesha homoni zinavyofanya kazi mwilini kuliko michoro yote ya darasani, ile yenye mishale kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye ovari na hakuna anayekuambia mishale ile inalipiwa na nini.

Samaki wenyewe ni sokai, samoni yule wa nyama nyekundu. Anazaliwa kwenye kijito, anakaa ziwani kama mwaka, anashuka Pasifiki miaka miwili hivi, na akifikisha miaka 4 wengi wao wanarudi kuzaa mara moja tu na kufa. Mto Fraser una makundi mengi sana ya sokai, na wasimamizi wa uvuvi wameyagawa mafungu manne kwa tarehe ya kupita. Fungu la mwisho ndo letu, hawa ni wa mto Adams, wa Weaver Creek, wa ziwa Cultus na majirani zao. Walikuwa na tabia moja ambayo wenzao hawana: wanafika karibu na mdomo wa mto mwezi wa 8, afu wanasimama. Wanakaa pale kwenye mlango-bahari wa Georgia wiki 3 mpaka 6, wanazungukazunguka kwenye maji chumvi ya baridi, mto wanauona lakini hawaingii. Mpaka mwisho wa mwezi wa 9 ukikaribia ndo wanapanda kwa pamoja. Wanafika, wengi wanazaa mwezi wa 10, wanakufa, kwisha.

Kuanzia 1995 wakaacha kusubiri. Wakawa wanafika na kuunganisha moja kwa moja, mwaka hadi mwaka wanawahi zaidi, mpaka kuna miaka walikuwa wanaingia mtoni wiki 6 kabla ya ratiba ya babu zao. Tarehe ya kuzaa lakini haikusogea! Hapo ndo pa kushika. Mwezi wa 10 ulibaki mwezi wa 10, kwa hiyo samaki anayewahi anaenda kukaa mtoni mwezi na zaidi akisubiri siku yake, ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi ambayo kwa kweli mwezi wa 8 si baridi hata kidogo.

Sasa kabla hatujalaumu chochote tuangalie mkoba wa huyu samaki. Sokai akigeuka kurudi nyumbani anaacha kula. Sio kwamba chakula hakuna, hapana, utumbo wenyewe unasinyaa, unakuwa kama kamba. Kila kitu kuanzia hapo kinatoka kwenye akiba: kuogelea dhidi ya mkondo, kuendesha moyo, kujenga mayai, kwa dume kujenga ile nundu na pua iliyopinda, kupigana, kuchimba kiota. Kuna kundi moja la Fraser linaitwa Early Stuart, linapanda zaidi ya kilomita 1,000, na tangu miaka ya 1950 walipimwa ikaonekana majike wanamaliza zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yao na karibu nusu ya protini ya mwili. Nusu ya protini, yaani samaki anakula misuli yake mwenyewe huku anaitumia kuogelea. Na kuna sakafu, akishuka mpaka kama megajuli 4 za nishati kwa kila kilo ya mwili hapo hana maisha tena, sokai wa makundi tofauti wanaonekana kufia karibu na kiwango hichohicho. Hakuna mkopo.

Wa Adams safari yao ni fupi, karibu kilomita 500, kwa hiyo mtu angesema wana nafuu. Wana nafuu kweli, ila akiba wanayobeba pia ni ndogo kwa sababu mwili unabeba kulingana na safari ya ukoo. Nafuu yao ilikuwa kusubiri ndani ya maji chumvi ya baridi, na hiyo ndo wameipoteza.

Nani anatoa amri ya kufungua mkoba? Hapa ndo kambale anaingia. Nina kituo kidogo cha kutotolesha vifaranga vya kambale na kazi yetu kubwa ni kumdanganya jike aamini mvua imekuja. Kambale kwenye bwawa anatengeneza mayai vizuri tu, yanajaa, tumbo linalegea, lakini hatagi, anasubiri ishara ambayo bwawani haiji. Kwa hiyo tunachukua dume, tunamchinja, tunafungua fuvu mpaka chini ya ubongo, pale kuna kipunje cheupe kidogo kuliko punje ya mchele, hiyo ndo tezi ya pituitari. Tunaisaga kwenye maji ya chumvi kidogo tunamchoma jike mgongoni. Maji yakiwa nyuzi 25, baada ya kama masaa 11 ukimkamua mayai yanamwagika kwenye beseni. Maji yakiwa nyuzi 30 unakaa masaa 7 tu, ukichelewa mayai yanaharibika humohumo tumboni. Niliwahi kulala, nikayakuta yameharibika, beseni zima. Tangu siku hiyo sikuiona tena homoni kama kitu cha kwenye kitabu, nikaona ni saa ambayo joto ndo linaizungusha.

Kwa sokai mnyororo ni uleule ila mrefu zaidi, umesambaa miezi. Urefu wa mchana unabadilika, ubongo unapokea, haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, inaachia homoni yake ya kuamsha pituitari, pituitari inaachia homoni mbili za uzazi, FSH kwanza na LH baadaye. FSH inaiambia ovari itengeneze estrojeni, estrojeni inaenda kwenye ini, na ini linaanza kazi ya ajabu, linachukua mafuta na protini ya mwili linaitengeneza kuwa vitelojenini, malighafi ya kiini cha yai, inasafirishwa kwenye damu mpaka ovari. Kwa hiyo estrojeni kwa huyu samaki ni karani anayehamisha fedha kutoka akaunti ya mama kwenda akaunti ya watoto, mayai elfu 3 na kitu, na uhamisho ukishaanza haurudishwi kirahisi. Hata ile rangi nyekundu ya nyama inahamishwa, inatoka kwenye misuli inaenda kwenye ngozi na kwenye mayai, ndo maana sokai aliyefika nyumbani nje ni mwekundu kama pilipili na nyama ndani imepauka haina ladha. Mwishoni kabisa estrojeni inashuka, LH inapanda, na ovari inabadilisha kiwanda inatoa homoni nyingine ya jamii ya projestoroni ambayo ndo inaivisha mayai mwishoni na kuyaachia. Hiyo hatua ya mwisho ndo sisi wa kambale tunaianzisha kwa sindano.

Testosteroni ipo kwa wote wawili, na hili linawashangaza watu, jike wa sokai anayepanda mto ana testosteroni nyingi sana kwenye damu. Dume ana ndugu yake, homoni inayoitwa 11-ketotestosteroni, ndo inamjengea nundu na meno na ugomvi.

Sasa kitu kingine kinachoenda sambamba na kuiva, na bila hiki kisa hakieleweki, ni chumvi. Samaki wa baharini anakunywa maji ya bahari na kusukuma chumvi nje kupitia mashavu kwa pampu ndogondogo zilizomo kwenye seli. Akiingia maji baridi lazima mfumo ugeuke, sasa anaivuta chumvi ndani na kumwaga maji mengi kwa mkojo. Prolaktini inasukuma upande wa maji baridi, homoni ya ukuaji upande wa bahari, kotisoli inahusika pande zote. Ajabu ni kwamba sokai anayeiva anaanza kupunguza nguvu ya pampu za bahari akiwa bado yuko baharini. Yaani mwili umeshafungasha kabla basi halijafika. Samaki wa namna hiyo ukimwambia akae wiki 5 kwenye maji chumvi unamtesa, bahari inaanza kumkausha kidogokidogo, na mto upo pale unanukia.

Watafiti, kina Scott Hinch wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Steven Cooke na Tony Farrell, kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 walifanya kitu ambacho kwangu ndo uti wa mgongo wa kesi hii. Waliwakamata sokai wakiwa bado baharini, wakachukua damu, kipande kidogo cha shavu, wakapima mafuta ya mwili kwa kifaa cha kugusisha tu ngozini, afu wakawawekea transmita na kuwaachia. Transmita waliisukuma kupitia mdomoni ikakaa tumboni, tumbo liko tupu kwa kuwa samaki ameacha kula, tumbo limegeuka mfuko wa kuwekea redio! Baadaye vipokezi vilivyotegwa njiani vikawaambia nani alisimama, nani aliunganisha, nani alifika.

Walioelekea mtoni mapema ndo walikuwa na testosteroni ya juu na akiba ndogo ya nishati. Waliosubiri walikuwa bado hawajaiva sana na mkoba umejaa. Na waliokufa mapema damu yao ilikuwa imeshaonyesha dalili za msongo tangu baharini. Kwa hiyo huyu anayewahi sio mjinga aliyesahau ratiba, ni samaki ambaye mwili umeshamwambia huna mafuta ya kusubiri na mayai yanaiva, nenda. Kwa hesabu ya ndani ya mwili uamuzi ni sahihi kabisa. Kosa liko nje, kwenye mto.

Ngoja nimalize kwanza kuhusu kotisoli maana watu wengi wakisikia samoni anakufa baada ya kuzaa wanasema amechoka. Si uchovu tu. Oswald Hope Robertson, huyu alikuwa daktari, yule aliyeanzisha akiba ya damu ya kuongezea majeruhi kwenye vita ya kwanza ya dunia mwaka 1917, kazeeka, kastaafu huko California akageukia samoni. Yeye na wenzake waliona kwamba tezi ya samoni wa Pasifiki inayotoa kotisoli, homoni ya msongo, ambayo kwa samaki imechanganyika kwenye figo ya mbele, inavimba sana wakati wa kuzaa na mwili mzima unaoza kwa namna inayofanana na binadamu mwenye kotisoli iliyozidi, ngozi, mishipa, ini, kinga, vyote. Wakajaribu kumpa kotisoli samaki mwingine ambaye hafi akizaa, trauti, naye akaanza kuharibika vilevile. Na mwaka 1961 Robertson alichapisha jaribio ambalo nadhani lingefaa kufundishwa kila mahali: alichukua kokani, ndugu wa sokai anayeishi ziwani maisha yake yote, akawahasi kabla ovari na korodani hazijaanza kukua. Wenzao wa kawaida walizaa na kufa kama kawaida karibu na miaka 4. Waliohasiwa wakaendelea kuogelea, wakaendelea kukua, kuna waliofika miaka 8.

Kwa hiyo kifo chenyewe kinaendeshwa na uzazi. Na kotisoli haikuwekwa pale ili iue, inafanya kazi ya maana, samaki hali, sukari ya damu itoke wapi? Kotisoli ndo inavunja misuli kuwa sukari. Bei yake ni kwamba inazima kinga. Ukiwa na wiki 3 za kuishi haina shida, magonjwa hayatawahi kukumaliza. Ukiwa na wiki 8, hiyo ni kesi nyingine.

Na magonjwa yapo pale mlangoni. Kuna kimelea kinaitwa Parvicapsula minibicornis, sokai anakiokota pale kwenye mdomo wa mto, kinaenda kwenye figo. Kinakua kwa kuhesabu joto na siku: chukua joto la maji zidisha kwa siku, ikifika kama 450 figo iko hoi. Piga hesabu mwenyewe. Aliyeingia mwisho wa mwezi wa 9 maji yako nyuzi 12 au 13, akikaa wiki 4 amefika 350 hivi, ameshazaa na kufa zake, figo ilikuwa bado inavumilia. Aliyeingia mwezi wa 8 kwenye maji ya nyuzi 18, siku 25 tu ameshafika 450 na kuzaa bado kabisa. Figo ndo ile iliyokuwa inamwaga maji ya ziada, kwa hiyo chumvi ya damu inayumba, kinga imezimwa na kotisoli, na joto lenyewe limeongeza matumizi ya mafuta kila saa inayopita. Kila kitu kilichopangwa kwa wiki 4 kinalazimishwa kudumu wiki 8 kwenye injini inayochemka.

Kama unafikiri hii ni stori tu ya kupangilia, walijaribu mwaka 2004. Sokai wa Weaver Creek waligawanywa, wengine wakakaa kwenye maji ya nyuzi 10 na wengine nyuzi 18 kwa siku 24, wote wakawekewa transmita wakaachiwa waendelee na safari. Waliotoka kwenye maji ya baridi walifika kwao karibu mara mbili ya wale wa maji moto. Na mwaka huohuo kule mtoni kiangazi kilikuwa kikali, maji yakapita nyuzi 19, idadi kubwa mno ya sokai ikapotea kati ya kituo cha kuhesabia cha chini na vijito vya juu.

Majike ndo wanaumia zaidi. Wanatumia akiba nyingi kwenye mayai kuliko dume anavyotumia kwenye mbegu, kotisoli yao iko juu kuliko ya dume, na maji yakiwa moto au mkondo ukiwa mkali vifo vyao vinazidi vya madume kwa wazi kabisa. Ukitazama mtoni unaweza ukaona samaki wengi ukadhani mambo mazuri, kumbe ni madume wengi yamebaki yanagombania majike wachache. Mfugaji yeyote anajua hesabu hiyo, madume hawatagi.

Kwa nini 1995 sasa? Hapo wataalamu hawajakubaliana. Wengine walisema samaki wameiva mapema kwa sababu ya hali ya bahari, wengine wakasema chumvi ya pwani imebadilika na mwili ukageukia maji baridi haraka, wengine wakasema wanafuata mkumbo tu, kwamba fungu la kiangazi, mojawapo ya yale manne, lilikuwa kubwa likipita linawabeba na wenzao wa mwisho. Mi naona hili la mkumbo lina nguvu kuliko uzito ambao watu wanalipa, sokai anatembea na kundi, lakini halitoshi peke yake maana vipimo vya damu vinaonyesha wanaotangulia wana miili tofauti na wanaobaki. Labda kundi linapita mlangoni na anayetoka nalo ni yule ambaye ndani alishakuwa tayari. Kinachonikera ni uchambuzi unaoishia kwenye swali la nani kawaambia wawahi, wakati mto wenyewe kiangazi umepanda joto kama nyuzi 1.5 tangu miaka ya 1950. Ungekuwa na joto la zamani, hao wanaowahi wengi wangepona.

Kwetu huku Ziwa Victoria tuna ningu, naye anapanda mito mvua zikija, Nzoia, Sondu, Kagera, anapeleka mayai kwenye maeneo ya mafuriko na kushuka. Tofauti ni kwamba ningu hafi akizaa, anaweza kurudi mwaka mwingine, homoni zake zinafungua mkoba na kuufunga. Kilichommaliza yeye ni nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati anapanda na mayai, biashara rahisi kabisa, unasubiri mlangoni. Ila ukitazama udhaifu ni uleule, siku chache za mwaka ambapo mwili umeshaamua na hauwezi kughairi.

Kule Fraser baada ya miaka hiyo wasimamizi walilazimika kubadilisha hesabu. Zamani walikuwa wanasema tunataka samaki kadhaa wafike kijitoni, wengine vueni. Sasa kabla ya kufungua uvuvi wanatazama utabiri wa joto na wingi wa maji ya mto pamoja na tarehe ambayo samaki wameanza kuingia, wanakadiria wangapi watafia njiani, wanaongeza idadi hiyo juu ya wanaotakiwa kufika, na kinachobaki ndo cha nyavu. Kwa vile fungu la mwisho linapita limechanganyika na fungu la kiangazi, kuna miaka wavuvi wanaangalia mamilioni ya samaki wa kiangazi wakipita na boti zimefungwa, wamekasirika kweli, kwa sababu ya wenzao wachache waliotangulia ndani ya kundi hilo na ambao kwa macho huwezi kuwatofautisha.